Masizi Katika Koo la Pikipiki: Chanzo Chake, Namna ya Kuyasafisha na Jinsi ya Kuyazuia

Kila ufikapo msimu wa kuchuma kahawa, barabara za vumbi za Kata ya Hasamba, wilayani Mbozi, hupata wageni wengi wa magurudumu mawili. Pikipiki hubeba magunia ya kahawa, hupeleka mahindi mashineni, huwahisha wagonjwa zahanati na kuwafikisha wanafunzi shuleni. Kwa kaya nyingi chombo hicho ni usafiri na pia ni shamba la pili. Makala hii inaeleza ugonjwa mmoja wa chombo hicho unaotibiwa mara nyingi na kuponywa mara chache, nao ni masizi yanayoganda kwenye koo la injini.

Tuanze na kisa kilichotokea katika gereji ndogo iliyo chini ya mkaratusi. Kijana mmoja wa bodaboda alifika akiisukuma pikipiki yake kwa mkono.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Imekuwaje tena?”

“Inazima kila nikiachia mafuta. Na leo asubuhi nikiteremka mlima, mkono wa mafuta umegoma kurudi. Ilibaki kidogo niingie korongoni na abiria.”

Ilikuwa mara ya tatu katika miezi miwili kwa kijana huyo kuomba aoshewe kabureta. Safari hii fundi hakuanza na spana za kabureta. Alifungua kifuniko cha chujio la hewa, ambalo mafundi huliita ekilina, akachungulia ndani. Hapakuwa na kitu.

“Ekilina iko wapi?”

“Niliitoa, fundi. Bila ile pikipiki inakuwa nyepesi, inapanda mlima bila shida.”

Kijana hakuwa anadanganya. Pikipiki yake ilikuwa imepata nguvu kweli. Somo letu linakusudia kueleza kwa nini ilipata nguvu hiyo, na kwa nini nguvu hiyo hiyo ilikaribia kumuua.

Koo la injini ni nini?

Injini huvuta pumzi kama mtu. Hewa hupita kwenye chujio, kisha hupita katika njia nyembamba kabla ya kuingia kwenye silinda. Njia hiyo ndiyo tunayoiita hapa koo la injini.

Katika pikipiki nyingi za bodaboda, koo hilo limo ndani ya kabureta. Dereva anaponyonga mafuta, waya huvuta kipande cha chuma kiitwacho slaidi kwenda juu. Slaidi hubeba sindano, na kadiri inavyopanda ndivyo hewa na petroli vinavyopita kwa wingi. Dereva anapoachia, springi huirudisha slaidi chini.

Katika pikipiki za mfumo wa nozo, hakuna kabureta. Mahali pake pana throtobodi, yaani bomba fupi la chuma lenye kisahani kinachozunguka katikati. Kisahani hufungua na kufunga njia ya hewa peke yake. Petroli hupulizwa na nozo kwa kipimo kinachoamuliwa na kompyuta ndogo ya injini, inayopokea taarifa kutoka kwa vihisi vya umeme.

Mifumo hii miwili inatofautiana kwa mengi, lakini ina jambo moja linalofanana. Katika yote miwili kuna kipande kimoja kinachotembea ndani ya nafasi finyu sana, na kipande hicho ndicho kinachotii au kukaidi mkono wa dereva. Uchafu mwembamba kama karatasi unatosha kukikwamisha.

Masizi yanatoka wapi?

Wengi hudhani kuwa weusi ulio kwenye koo la injini umeletwa na petroli mbovu peke yake. Ukweli ni kwamba una vyanzo vinne, na mara nyingi hufanya kazi pamoja.

Chanzo cha kwanza ni mvuke wa oili. Injini ina bomba dogo la kupumulia, linalotoa mvuke kutoka chini ya pistoni na kuurudisha kwenye njia ya hewa ili uunguzwe. Mvuke huo huacha utando wa mafuta kwenye kuta za koo. Pete za pistoni zikichakaa, au oili ikijazwa kupita kipimo, mvuke huongezeka.

Chanzo cha pili ni moshi unaorudi nyuma. Kwa muda mfupi sana katika kila mzunguko, vali ya kuingiza na ya kutoa huwa wazi kwa pamoja. Sehemu ndogo ya moshi hurudi kwenye koo na kuacha masizi. Ndiyo maana upande unaotazama injini huwa mweusi zaidi kuliko upande unaotazama chujio.

Chanzo cha tatu ni vumbi. Vumbi pekee lingepita, lakini linapokutana na utando wa oili hunasa na kuwa tope gumu. Tope hilo lina chembe za mchanga, na mchanga husaga chuma.

Chanzo cha nne ni mchanganyiko wenye petroli nyingi kupita kiasi. Ili petroli iungue sawasawa, kila gramu 1 huhitaji takribani gramu 14.7 za hewa. Hewa ikipungua, petroli haiungui yote, na sehemu isiyoungua hugeuka masizi yanayoonekana kwenye plagi, kwenye ekzosi na ndani ya injini.

Katika chanzo hiki cha nne ndimo linamopatikana jibu la kisa cha kijana wetu.

Kwa nini milima yetu inahusika?

Sehemu kubwa ya nyanda za Mbozi iko juu sana. Vwawa na Tunduma ziko kwenye kimo cha takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 14. Nozo inayoongozwa na kompyuta huweza kulitambua jambo hilo na kupunguza petroli. Kabureta haina akili hiyo. Ikiwa jeti yake ilichaguliwa kwa ajili ya nchi tambarare, itaendelea kutoa petroli ile ile huku hewa ikiwa pungufu.

Matokeo yake pikipiki huwa nzito mlimani, hutoa moshi mweusi, hula petroli na kujaza masizi. Dereva akiitoa ekilina, kizuizi cha hewa huondoka, hewa huongezeka, mchanganyiko hukaribia kipimo, na pikipiki hupata nguvu siku hiyo hiyo. Dereva huondoka akiamini amegundua siri ambayo kiwanda hakuijua.

Lakini sasa mlango uko wazi. Vumbi la kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, huingia moja kwa moja. Chembe zake husaga pete na ukuta wa silinda. Pete zikilegea, mvuke wa oili huongezeka. Mvuke ukiongezeka, utando kwenye koo huwa mnene. Utando ukiwa mnene, vumbi hunasa zaidi, slaidi huanza kugoma, na dereva hurudi kwa fundi. Fundi huosha, lakini mlango unabaki wazi, na baada ya wiki chache mambo huanza upya. Mwisho wa mzunguko huo ni kubadilisha pistoni na silinda, gharama ambayo haifanani hata kidogo na bei ya ekilina mpya.

Tiba sahihi ya pikipiki nzito katika nchi ya juu ni kurekebisha kabureta. Fundi anaweza kuweka jeti kuu yenye tundu dogo kidogo, au kuipandisha klipu ya sindano kwa ngazi moja ili sindano ishuke na kupunguza petroli. Ekilina ibaki mahali pake. Tahadhari ni kwamba petroli ikipunguzwa kupita kiasi injini huchemka. Kwa hiyo kazi hii ifanywe kwa hatua moja moja, na plagi ikaguliwe kila baada ya hatua. Pikipiki ikihamishiwa nchi ya chini, kwa mfano bonde la Ziwa Rukwa, ikaguliwe upya.

Plagi inasema nini?

Kabla ya kufungua chochote, toa plagi uitazame ncha yake. Ikiwa ina rangi ya kahawia nyepesi, uunguzaji ni mzuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, petroli ni nyingi au hewa imezibwa. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu wa mafuta, injini inaunguza oili, na kuosha koo peke yake hakutasaidia. Ikiwa nyeupe, petroli ni pungufu au kuna tundu linaloingiza hewa baada ya kabureta.

Dalili nyingine za koo chafu ni hizi: injini huzima au hupanda na kushuka ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kunyongwa mafuta, huchelewa kuitikia dereva anaponyonga, huwaka kwa shida asubuhi, na mkono wa mafuta huwa mzito au haurudi wenyewe.

Kusafisha kabureta

Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, injini ikiwa imepoa, mbali na sigara, jiko la mkaa na mtu anayechomelea vyuma. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali.

1. Funga koki ya mafuta. Fungua skrubu ya chini ya kabureta, kinga petroli kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko. Usiimwage ardhini.

2. Kabla ya kuitoa skrubu ya mchanganyiko, ikaze taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka ifike mwisho. Andika idadi hiyo. Ndiyo itakayokurudisha ulipoanzia.

3. Toa slaidi na sindano, kisha bakuli, floti na jeti. Panga kila kipande kwenye sinia kwa mpangilio ulioutoa. Vipande vya mpira viwekwe pembeni, kwa kuwa dawa kali ya kusafishia huvivimbisha.

4. Lowanisha vipande vya chuma kwa kisafishio cha kabureta, subiri dakika chache, kisha sugua kwa mswaki laini. Jeti husafishwa kwa upepo wa kompresa. Usiingize waya wala sindano ya kushonea: tundu la jeti limepimwa kwa sehemu ndogo za milimita, na mkwaruzo mmoja hulipanua daima.

5. Futa slaidi na nyumba yake kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Usitumie msasa. Usipake grisi wala oili, kwani vitanasa vumbi.

6. Rudisha kila kitu. Hakikisha mwanya wa slaidi umekaa kwenye pini yake, na mpira unaounganisha kabureta na injini haujapasuka.

Kusafisha throtobodi ya mfumo wa nozo

Hapa yapasa mkono uwe mwepesi zaidi, kwa sababu umeme umo karibu.

1. Zima swichi na utoe waya hasi wa betri. Legeza mpira unaotoka kwenye chujio ili koo lionekane.

2. Nyunyizia kisafishio kwenye kitambaa au mswaki laini, si moja kwa moja kwenye koo. Dawa ikiingia kwenye kihisi kilichofungwa ubavuni inaweza kukiharibu.

3. Nyonga mafuta kwa mkono wa pipa la usukani ili kisahani kifunguke, kisha futa kingo zake na ukuta unaokizunguka, pande zote mbili. Usikisukume kisahani kwa bisibisi. Masizi yakigoma, lowanisha tena na usubiri, usiyakwangue.

4. Safisha pia njia ndogo ya hewa ya sailensa iliyo pembeni. Mara nyingi hiyo ndiyo iliyoziba.

5. Usiiguse skrubu inayokizuia kisahani kufunga kabisa. Imepangwa kiwandani, na mara nyingi imewekewa alama ya rangi.

6. Funga kila kitu, washa injini, iache iungurume bila kunyonga mafuta mpaka ipate joto. Kompyuta huhitaji muda kuizoea hewa mpya, kwa hiyo sailensa inaweza kuwa juu kidogo mwanzoni. Taa ya onyo ya injini ikibaki inawaka, tafuta fundi mwenye kifaa cha kusomea makosa, wala usikisie.

Kipimo kimoja kabla ya kubeba abiria

Iwe ni kabureta au throtobodi, kazi haijakamilika mpaka kipimo hiki kifanyike. Injini ikiwa imezimwa, nyonga mafuta hadi mwisho kisha uachie ghafla. Mkono lazima urudi wenyewe kwa kishindo. Rudia usukani ukiwa umekatwa wote kushoto, kisha wote kulia. Halafu washa injini na urudie: mlio usibadilike unapokata usukani. Ukibadilika, waya wa mafuta umebana na unahitaji kupangwa upya.

Pikipiki isiyofaulu kipimo hiki haipaswi kubeba mtu, hata kama ni safari ya karibu na hata kama abiria ana haraka. Katika barabara kuu iendayo Tunduma, yenye malori mengi ya mizigo, sekunde chache za pikipiki isiyotii zinatosha kuleta msiba.

Ikitokea mkono ukagoma ukiwa njiani, usihangaike nao. Shika klachi, zima injini kwa swichi, funga breki zote mbili kwa mpangilio na utoke barabarani. Injini inaweza kulia kwa nguvu kabla ya kuzimika, iache ilie. Kila dereva afanye zoezi hili uwanjani, ili siku ya shida mikono ijue kazi yake.

Kinga

Ekilina ndiyo kinga ya kwanza. Ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa, hukaushwa kivulini, hupakwa oili kidogo ya injini na kukamuliwa. Isioshwe kwa petroli. Ya karatasi haioshwi. Hukung'utwa au kupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ikichakaa hubadilishwa. Wakati wa kiangazi ikaguliwe kila wiki.

Kinga ya pili ni oili: iwe ya daraja lililoelekezwa na kitabu cha pikipiki, ibadilishwe kwa wakati, na isizidi alama ya juu.

Kinga ya tatu ni petroli safi. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli hayaungui vizuri, na huacha masizi mengi. Tatizo la uchakachuaji ndilo lililoifanya EWURA ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Petroli inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara haina anayeithibitisha, na chupa hizo ni hatari ya moto majumbani. Nunua kituoni na udai risiti.

Jambo moja la afya halina budi kusemwa. Usivute petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, kwa maana petroli ikiingia kwenye mapafu huleta madhara makubwa zaidi. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Hesabu ya mwenye kikundi

Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake uboreshwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi vya vijana vinavyonunua pikipiki kwa mkopo hutegemea chombo kidumu kuliko deni lake.

Tuchukue mfano. Pikipiki yenye koo chafu ikila nusu lita ya ziada kwa siku, katika siku 26 za kazi imekula lita 13. Zidisha kwa bei ya lita iliyopo kituoni leo, kisha ongeza siku ilizolala gereji bila kuleta hesabu. Jumla hiyo ndiyo gharama ya kutokagua ekilina kwa mwezi mmoja. Kikundi kikiwa na daftari la matengenezo kwa kila pikipiki, lenye tarehe, kilometa, oili na ekilina, hasara hiyo huonekana mapema.

Mafundi nao wanayo nafasi. VETA huendesha utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunza kazi gereji hupimwa na kupewa cheti. Pikipiki za mfumo wa nozo zinaongezeka, na fundi atakayeufahamu umeme wake hatakosa wateja.

Tukirudi chini ya mkaratusi, fundi alifanya mambo matatu. Aliiosha kabureta, akaipandisha klipu ya sindano ngazi moja, kisha akamwambia kijana akanunue ekilina kabla hajamkabidhi ufunguo. Kijana alinung'unika kidogo, akaenda, akarudi nayo. Ilipofungwa, fundi alinyonga mafuta hadi mwisho, akaachia. Mkono ukarudi kwa kishindo.

“Umesikia?” akauliza. “Sauti hiyo uisikilize kila asubuhi kabla hujapakia mtu.”

Jipime

1. Kwa nini pikipiki ya kabureta huhisi nyepesi inapotolewa ekilina katika nchi ya juu, na ni ipi tiba sahihi?

2. Plagi nyeusi yenye unyevu wa mafuta inakuonya nini?

3. Kwa nini jeti haisafishwi kwa waya?

4. Taja hatua za kuchukua mkono wa mafuta unapogoma kurudi barabarani.

Anayeyajibu maswali haya bila kurudi nyuma ameelewa somo. Asiyeyajibu asome tena, kisha atoke nje na kuifungua ekilina ya pikipiki yake.